Mtoto Akileta Mchumba wa Rangi Nyingine

Somo: Hesabu 12:1–15



Leo nataka kusema na wazazi. Baba na mama, mmemlea mtoto, mmemlipia karo, mmemwombea usiku na mchana. Siku moja anawapasha habari kwamba amempata mtu ampendaye. Mnafurahi. Kisha mnauliza, "Ni wa wapi huyo?" Naye anajibu kwamba ni Mzungu, au ni Mhindi. Mara nyumba inakuwa kimya. Ni vivyo hivyo nyumbani kwa Mzungu au kwa Mhindi, mtoto akisema kwamba mpenzi wake ni Mwafrika. Katika kimya hicho mzazi aseme nini? Neno lake la kwanza laweza kujenga nyumba, au kuibomoa kwa miaka mingi. Basi na tuitazame historia, maana wako wazazi waliotutangulia katika njia hii.

Mwaka 1947 kijana mmoja wa Afrika alikuwa London akisomea sheria. Jina lake Seretse Khama, mrithi wa kiti cha utawala wa Bangwato katika nchi ya Bechuanaland, ambayo leo yaitwa Botswana. Baba yake alifariki mwaka 1925, Seretse akiwa na umri wa miaka minne tu. Aliyemlea na kumsomesha ni baba yake mdogo, Tshekedi Khama, ambaye pia alimshikia utawala mpaka akue. Huko London, Seretse alikutana na msichana Mwingereza, Ruth Williams, karani wa ofisi. Walipendana, na mwaka uliofuata wakaamua kuoana.

Seretse alimwandikia Tshekedi barua. Mzee alishtuka sana. Tusimhukumu haraka, ndugu msikilizaji. Alikuwa Mkristo, na alikuwa mtu wa bidii kwa watu wake. Kwa desturi yao, mke wa mtawala ni mama wa watu wote, na hachaguliwi bila wazee kuulizwa. Kwake ilikuwa kama kijana amelitupa baraza lote kando. Lakini hakungoja kusikia zaidi. Alitaka ndoa hiyo izuiwe London kwa kila njia.

Na upande wa pili? Baba yake Ruth alikuwa amepata kuwa afisa wa jeshi huko India. Aliposikia kwamba binti yake anaolewa na Mwafrika, alimfukuza nyumbani. Hakumwuliza kama kijana ni mwaminifu, wala kama anamcha Mungu. Rangi ilitosha kumpa jibu.

Sasa nafika mahali ambapo mimi, mchungaji wa Kianglikana, siwezi kupita kimya. Vijana hawa walitaka kufunga ndoa kanisani. Kasisi alikuwa tayari kuwafungisha, na siku ilipangwa katika Septemba 1948. Lakini waliopinga walimfikia, akapata hofu, akawapeleka kwa Askofu wa London, William Wand. Askofu alisema ndoa hiyo isifungwe kanisani mpaka serikali ikubali. Hapakuwa na kizuizi chochote katika Neno la Mungu. Wote wawili walikuwa watu wazima, na hakuna aliyekuwa na mume au mke mwingine. Hata hivyo walifungiwa mlango wa kanisa. Tarehe 29 Septemba 1948 wakaoana katika ofisi ya serikali, mtaa wa Kensington, mbele ya watu wachache.

Mambo hayakuishia hapo. Seretse aliitwa nyumbani, akasimama mbele ya baraza la watu wake huko Serowe. Mara mbili wazee walimkataa mkewe. Lakini mara ya tatu, Juni 1949, alipowauliza ni nani wanaomkubali pamoja na mke wake, maelfu walisimama. Waliobaki na Tshekedi walikuwa kama arobaini tu. Watu wa kijijini walikuwa wamesikiliza, wakafikiri, wakabadilika.

Wakubwa wa dunia hawakubadilika. Mwaka huo huo wa 1949 serikali ya Afrika Kusini ilitunga sheria ya kukataza ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine. Sheria hiyo ilidumu mpaka 1985. Serikali hiyo haikutaka kuona ng'ambo ya mpaka wake mtawala Mwafrika aliye na mke Mzungu. Uingereza nayo ilihitaji dhahabu na urani ya Afrika Kusini. Basi mwaka 1950 Seretse alikatazwa kukaa katika nchi yake mwenyewe. Miaka sita yeye na Ruth waliishi uhamishoni Uingereza.

Wahenga walisema, hasira hasara. Tshekedi mwenyewe aliondolewa katika nchi ya Bangwato. Aliona kwamba ugomvi wa nyumbani umewapa wageni nafasi ya kutawala mambo ya nyumbani. Lakini hapa naona neema. Mwaka 1956 mzee huyo alisafiri mpaka London, akapatana na mwanawe. Wote wawili waliacha madai ya kiti cha utawala, na mwaka huo Seretse na Ruth wakarudi kwao. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Septemba 1966, Seretse alikuwa Rais wa kwanza. Alifariki mwaka 1980. Ruth hakurudi Uingereza. Alibaki Botswana mpaka kufa kwake mwaka 2002, akazikwa Serowe karibu na mumewe. Huyu ndiye mwanamke ambaye watu walisema hataweza kukaa Afrika.

Yuko mzazi mwingine ninayetaka mmjue. Katika miaka hiyo hiyo, Peggy, binti wa Sir Stafford Cripps aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza, alichumbiwa na Joe Appiah, mwanafunzi wa sheria kutoka Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Sir Stafford alifariki mwaka 1952, mama akabaki na jambo hili. Hakumfukuza binti yake. Wala hakunyamaza tu kama kwamba hakuna la kuuliza. Alimtaka kwanza aende kuiona nchi ya mchumba wake na watu wake. Mwishoni mwa mwaka 1952 Peggy alipanda meli akaenda peke yake, akapokewa na jamaa za Joe. Alirudi akiwa ameona kwa macho yake, na Julai 1953 wakafunga ndoa kanisani London. Magazeti yalipiga kelele, lakini mama alisimama na mtoto wake. Peggy aliishi Kumasi miaka mingi, akaandika vitabu vya hadithi za Ananse kwa watoto, na huko Kumasi alifariki mwaka 2006.

Wazazi wenzangu, mnaona tofauti? Kuuliza ni haki ya mzazi, tena ni wajibu wake. Uliza kama kijana huyo anamjua Kristo, maana onyo la Mtume Paulo katika 2 Wakorintho 6 ni juu ya imani, halihusu ngozi. Uliza kama ana mke au mume mahali pengine. Uliza watakaa wapi, mahari yatazungumzwa namna gani, na wajukuu watasema na nyanya yao kwa lugha gani. Mwambie mtoto ukweli kwamba wako watu watakaowatazama vibaya njiani. Kisha mwite huyo mchumba, aketi, ale chakula chako, umwone. Lakini ukimkataa kabla ya kumwona, kwa sababu ya rangi tu, jua kwamba umesimama mahali pa Miriamu.

Miriamu alimnena ndugu yake Musa kwa sababu ya mke Mkushi, mwanamke wa nchi ya watu weusi. Hasira ya Mungu haikumwangukia yule mke. Ilimwangukia Miriamu, akapigwa ukoma, akawekwa nje ya kambi siku saba. Lakini Musa alimwombea dada yake aliyemnena. Na kambi yote haikuondoka mpaka Miriamu aliporudishwa. Ewe mzazi uliyemfungia mtoto mlango, njia ya kurudi iko, kama ilivyokuwa kwa Tshekedi. Nawe kijana uliyefukuzwa, mwombee mzazi wako, wala usiende zako bila kumngoja.

Tuombe. Ee Baba wa mataifa yote, utupe masikio kabla ya hasira. Uwaongoze watoto wetu wachague kwa imani na hekima, na milango ya nyumba zetu uiweke wazi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.