Ekseli yenye matundu: urembo ulitoka wapi, na sababu gani kamioni yako isiige

Kama umekwisha kuona video ya hotirodi, ni kusema gari la zamani la Marekani lililovuliwa mabati na kufungiwa injini kubwa, pengine macho yako yalisimama pale mbele, chini. Kuna chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili, na kimetobolewa matundu ya mviringo kwa mstari mmoja, kama filimbi. Chuma hicho njo ekseli ya mbele. Hapa Kalemie tunayo pia, yenye umbo lile lile, chini ya kamioni zinazopakia mihogo, samaki na simenti kwenda Nyunzu ao Moba. Kwa hiyo ulizo si la wenye gari za starehe peke yao: chuma kinachobeba uzito wote wa mbele kinaweza kutobolewa kwa kukipendezesha?

Matundu yale hayakuanza kama pambo. Miaka ya 1930, vijana wa California walipeleka gari zao za Ford kwenye maziwa yaliyokauka ya jangwani, Muroc na El Mirage, kupima nani ana mbio kuliko mwenzake. Chama chao, Southern California Timing Association, kilianzishwa 1937. Walitoa kila kitu kizito: vifuniko vya magurudumu, viti, taa. Ekseli nayo ikapata zamu yake. Ford walifunga ekseli nzima ya mbele hadi modeli za 1948, basi chuma cha kutoboa hakikukosekana. Baadaye mashindano yaliendelea na vyuma vingine, matundu yakabaki urembo.

Na kwa kweli faida yake ya uzito ni kidogo sana. Tufanye hesabu. Tundu la upana wa milimita 25, kwenye chuma chenye unene wa milimita 10, linatoa gramu 39 hivi. Toboa matundu 10: hata nusu kilo haifike. Shofa akiacha nyumbani mfuko wa sukari, amepunguza uzito kuliko fundi aliyetoboa siku nzima.

Sasa, inakuwaje ekseli zile hazivunjike mara moja? Jibu liko katika umbo. Ukiikata ekseli katikati na kuitazama kwa upande wa mkato, utaona kama herufi I: ubapa juu, ubapa chini, na ukuta mwembamba kati yao. Chukua fimbo mbichi uikunje. Upande wa nje unavutwa, upande wa ndani unabanwa, lakini moyo wa fimbo hausumbuki sana. Ekseli ni vile vile: magurudumu yanasukuma juu, resori zinakandamiza chini, ubapa wa chini unavutwa na wa juu unabanwa. Tundu likiwa katikati kabisa ya ukuta, linapita mahali ambapo kazi ya kukunjwa ni ndogo. Likisogea juu ao chini, linakula nguvu yenyewe.

Lakini kukunjwa si kazi pekee. Shofa akikanyaga freni, ekseli inapotolewa kama kitambaa kinachokamuliwa, na umbo la I ni dhaifu kwa kupotolewa. Tena kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalioni kwa macho: chuma kikivutwa, ukingo wa tundu unaweza kupata mvuto mara 3 kuliko chuma kilicho mbali na tundu. Kama ukingo umeachwa na meno ya mashine, ufa unaanzia hapo. Haukatiki siku hiyo. Unasogea kidogo kila shimo la barabara, kila freni, hadi siku ile chuma kilichobaki hakitoshi.

Njo maana wanaotengeneza hotirodi vizuri wanafanya kwa uangalifu. Wanachagua ekseli iliyofuliwa, kamwe si ya chuma cha kumimina, maana hicho kinapasuka kama sufuria ya udongo. Wanachora mstari wa katikati, wanaanza na tundu dogo, wanapanua polepole na mafuta, halafu wanalainisha kingo pande zote mbili. Karibu na resori na karibu na pini za usukani hawagusi. Moto wa gesi hawautumii kukata, sababu unaharibu ugumu ambao kiwanda kiliupatia chuma. Na gari lenyewe ni jepesi, linabeba watu wawili siku ya Jumapili kwenye lami.

Kamioni ya tani 7 iliyopakiwa 10, kwenye barabara yetu ya udongo wakati wa mvua, haina nafasi hiyo. Matundu ya kiwandani, kama yale ya kushikia resori, yalihesabiwa. La kwako halikuhesabiwa na mtu. Land Cruiser yenye ekseli nzima ya mbele ndiyo usijaribu hata kidogo: ekseli hiyo ni bomba lenye shafti na mafuta ndani. Shasi nayo inafuata sheria ile ile. Wanaotengeneza kamioni wanakataza kutoboa ubapa wake wa juu na wa chini, hata kwa kufunga karoseri. Ukitaka urembo, kuna rangi. Mwenye mkono mzuri anaweza kuchora miduara myeusi, na kwa mbali hakuna atakayejua.

Na kama umenunua kamioni iliyokwisha kutobolewa? Safisha ekseli hadi chuma kionekane. Paka petroli ya taa kuzunguka kila tundu, ngoja dakika kama 20, pangusa kavu, halafu sugua chaki nyeupe juu. Penye ufa, petroli itarudi nje na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Ukiuona, hata mfupi kama ukucha, usimwite mtu wa kusude. Kamioni isimame hapo hapo, ekseli ibadilishwe.