Ufa mdogo ndio uzamishao jahazi: Utunzaji wa vyombo vya mbao Pwani

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye jahazi hana hata nafasi ya kuujenga ukuta huo. Ufa unaopuuzwa ufuoni huja kufunguka chombo kikiwa katikati ya bahari, na wanaolipia uzembe huo ni mabaharia na abiria.

Katika visiwa vya Lamu, ambako mji wa kale uliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya ulimwengu mnamo 2001, chombo cha mbao bado ni tegemeo la wengi. Mashua na majahazi hubeba watu, mchanga, mawe ya kujengea na samaki. Mafundi wa vijiji kama Matondoni, kinachosifika kwa uundaji wa vyombo, wamerithishana ujuzi wa kuunda na vilevile wa kutunza. Jahazi lililotunzwa vyema mwana huweza kulirithi kwa babaye. Lililotelekezwa huishia kuwa kuni baada ya miaka michache.

Maadui wa mbao

Adui wa kwanza ni mdudu wa baharini anayetoboa mbao, ambaye wanasayansi humwita Teredo. Ingawa umbo lake ni la mnyoo, kiumbe huyu ni wa jamii moja na chaza na kome. Huingia akiwa mdogo mno, kupitia tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua ndani huku akiila mbao. Hiyo ndiyo hatari yake kuu: ubao huonekana mzima kwa nje ilhali ndani umekuwa kama sega la nyuki.

Adui wa pili ni miani na viumbe wadogo wenye magamba magumu wanaong'ang'ania sehemu inayozama majini. Viumbe hao hukifanya chombo kuwa kizito na kupunguza mwendo wake. Mwenye mashua ya tanga huchelewa kufika, naye mwenye mashine huteketeza mafuta zaidi.

Aidha, kuna jua. Chombo kinachokaa nchi kavu kwa muda mrefu hukauka, mbao zake zikasinyaa na mianya kati yake ikapanuka. Siku kitakaposhuliwa, maji yataingia kila upande hadi mbao zitakapovimba tena. Ndiyo sababu chombo kilichopandishwa hufunikwa kwa makuti na kumwagiwa maji ya chumvi mara kwa mara.

Kazi ya bamvua

Ratiba ya matengenezo hupangwa na bahari yenyewe. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Wakati huo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika Pwani ya Kenya huweza kuzidi mita 3. Chombo huletwa ufuoni maji yakiwa yamejaa, na bahari inapokupwa hubaki juu ya mchanga, kikiegemezwa kwa magadi ili kisilale ubavu.

Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni takriban saa 6, kwa hivyo mafundi hawana muda wa kupoteza. Kwanza hukwangua miani na magamba yote. Kisha huwasha makuti makavu na kuupitisha moto chini ya tumbo la chombo. Moto huo hukausha mbao na kuua wadudu walio karibu na uso wa ubao, ila usimamizi wake unahitaji mkono uliozoea. Ukikaa mahali pamoja kupita kiasi, huunguza ubao wenyewe.

Hatua inayofuata ni kalafati. Pamba iliyoloweshwa mafuta hushindiliwa katika mianya ya mbao kwa patasi butu na nyundo. Pamba kuukuu iliyooza sharti iondolewe kwanza, kwa kuwa kushindilia mpya juu ya mbovu ni kujidanganya. Fundi hodari hachoki kugonga ubao baada ya ubao na kusikiliza mlio wake. Ubao mzima hulia kwa ukavu, ilhali ulioliwa hutoa sauti nzito, ya kitu chenye uwazi ndani.

Hatimaye sehemu yote inayozama hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ambao huwazuia wadudu kuingia. Mbao zilizo juu ya maji hupakwa sifa, mafuta yatokanayo na maini ya papa. Harufu yake ni kali, lakini huilinda mbao dhidi ya jua na kuizuia kupasuka.

Misumari na ngama

Mitepe ya zamani, iliyotoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Majahazi ya leo hushikwa kwa misumari ya chuma, na chuma hushikwa na kutu. Alama nyeusi kuzunguka kichwa cha msumari ni onyo kwamba msumari unalika na ubao unaouzunguka unadhoofika.

Ndani ya chombo, ngama ndiyo sehemu ya kuchunguzwa kila siku. Maji yakizidi kiwango cha kawaida, chanzo chake kitafutwe mara moja badala ya kuongeza idadi ya wafuaji maji. Isitoshe, maji ya mvua ni mabaya kwa mbao kuliko ya chumvi kwa sababu huharakisha uozo. Mvua za masika zinapoanza, ngama husafishwa na kupewa hewa.

Vyombo vya kisasa

Boti za faiba haziliwi na Teredo, lakini nazo hushikwa na miani na huweza kupata nyufa. Wengi huzipaka rangi maalumu yenye shaba inayofukuza viumbe wa baharini. Rangi zenye sumu ya TBT zilipigwa marufuku chini ya mkataba wa kimataifa ulioanza kutekelezwa mnamo Septemba 2008, baada ya kubainika kwamba zilidhuru chaza na konokono wa baharini.

Ukaguzi wa vyombo nchini husimamiwa na halmashauri ya usafiri wa majini, KMA. Hata hivyo, mkaguzi hawezi kuwa ufuoni kila bamvua. Mwenye chombo na nahodha wake ndio wanaojua pamba ilibadilishwa lini na ni ubao upi uliolia vibaya ulipogongwa. Abiria anayepanda hana njia ya kuyajua hayo. Huweka maisha yake mikononi mwao.