Muthokoi na Mikono Iliyoutwanga

Mkamba akienda mjini, jambo la kwanza analotaniwa ni muthokoi. Nilitaniwa hivyo nikiwa chuo cha ualimu, wanangu wametaniwa Nairobi, na wajukuu nao wameanza kuona haya kuubeba shuleni. Mimi nimezaliwa Zombe, mashariki mwa Kitui, nikaolewa Kathonzweni kule Makueni, nikafundisha sayansi kimu mpaka nikastaafu. Nimeupika pande zote mbili za mto Athi. Utani huo unaniuma, kwa sababu ndani ya chungu hicho kuna zaidi ya miaka mia moja ya akili za wanawake waliolisha watu katika nchi ambayo mvua ikikosa hakuna anayeshangaa.

Kwa asiyeujua, muthokoi ni mahindi makavu yaliyokobolewa. Unayanyunyizia maji, unayaacha kidogo ganda lilainike, kisha unayatwanga kwenye kinu cha mti. Mchi unashuka kwa kadiri. Ukitwanga kwa hasira punje zinapasuka, ukitwanga kwa uvivu ganda halibanduki. Unapeta kwa ungo, wishwa unakwenda kwa kuku, punje nyeupe zinaanikwa juani hadi zikauke tena. Siku ya kupika zinaingia chunguni pamoja na mbaazi, kunde, maharagwe au njahi, na moto unakaa saa nyingi. Ndugu yake ni isyo, mahindi na maharagwe yasiyopitia kinuni, ambayo majirani zetu wa Mlima Kenya huita githeri. Isyo hupikwa na yeyote mwenye kuni na sufuria. Muthokoi unadai mabega.

Lakini mahindi yenyewe si mwenyeji wa kale katika vyungu vyetu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika kwa mfanyabiashara Kivoi huko Kitui mwaka 1849, Wakamba walikuwa tayari wakipeleka pembe za ndovu Mombasa kwa misafara mikubwa, na watu waliobaki nyumbani waliishi kwa mawele, mtama na wimbi. Kando ya nafaka hizo zilikuwapo kunde na mbaazi, maziwa yaliyogandishwa kwenye vibuyu, na asali kutoka mizinga iliyotundikwa juu ya mibuyu na migunga. Susu yangu, mama wa mama, aliishi muda wa kutosha kunionjesha mabaki ya meza hiyo. Uji wake ulikuwa wa mawele, wa rangi ya majivu, umetiwa ukwaju uliolowekwa usiku kucha. Mabuyu yalipoiva alitia unga wake mweupe badala ya ukwaju, na uji ukawa na ukali mwingine kabisa. Sijaonja uji wa dukani uliokaribia ule, na nimeonja mwingi.

Mwishoni mwa karne ya 19 nchi ilipigwa. Sotoka iliua ng'ombe, kisha ikaja njaa ambayo wazee waliiita Ngomanisye, iliyofikia kilele mwaka 1898 na 1899, na ndui ikafuata njia ileile. Katika miaka hiyohiyo reli kutoka Mombasa ilivuka nyika yetu, ikapita Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi 1899. Reli ilileta watu wenye vyungu vyao. Pale Makindu Masingasinga walijenga hekalu lao mwaka 1926, na hadi leo msafiri yeyote wa barabara ya Mombasa anaweza kuvua viatu, kufunika kichwa, akaketi, akala chapati na dengu na kunywa chai bila kulipa shilingi. Nimekula pale mara nyingi. Watu wa kwetu wanapotaka chakula cha sikukuu hupika chapati na ndengu, na ninaamini nyayo za reli zimo ndani ya sahani hiyo.

Mahindi meupe yaliingia kwa nguvu baadaye, kupitia mashamba ya walowezi na kupitia posho. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, vijana wa Ukambani walichukuliwa kuwa askari wa jeshi la kikoloni la KAR na wapagazi wa jeshi walioitwa Kariakoo, wakalishwa unga wa mahindi siku baada ya siku. Waliorudi walirudi na ulimi mpya. Tena mahindi yalikuwa na faida ambayo mtoto yeyote wa Zombe angekueleza: mawele na mtama vinashambuliwa na ndege, na kuwafukuza ndege ni kazi ya watoto kuanzia alfajiri. Hindi limejifunika lenyewe. Shule zilipoanza kuwachukua watoto, nani angebaki shambani kutupa mawe?

Hapo ndipo ninapowaona wanawake wakifanya jambo ambalo halijaandikwa vya kutosha. Walikuwa wamezoea kutwanga mtama na mawele kuondoa ganda. Walipokabidhiwa nafaka ngeni yenye ganda gumu, waliipeleka kwenye kinu kilekile, wakaichanganya na kunde na mbaazi zilezile za tangu zamani. Mbaazi ni mmea wa ajabu. Zile za zamani tunazipanda mvua za Oktoba au Novemba, mvua fupi ambazo kwetu ndizo za kutegemewa zaidi, na zinasimama kijani kiangazi kizima mizizi ikiwa chini sana. Zinavunwa kati ya Juni na Septemba, wakati shamba lililobaki limekauka. Nilipofundisha lishe niliwaeleza watoto kwamba protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, na kwamba mbaazi na kunde zina laisini tele. Mama zao walikuwa wamelijua pengo hilo kwa kuangalia nani ananawiri na nani anadhoofika.

Pengo moja halikuzibwa na kunde, nalo ni la maziwa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba wapunguze ng'ombe, ikawachukua ng'ombe hao na kuwauza kwa bei duni, kiwanda cha nyama cha Liebig's kule Athi River kikiwasubiri. Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya wanaume, wanawake na watoto kwenda Nairobi kulalamika, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Serikali ililegeza kamba, lakini Muindi Mbingu mwenyewe alihamishiwa Lamu. Vitabu vinaisimulia safari hiyo kama siasa. Mimi nikiisoma nahesabu vibuyu.

Njaa ziliendelea, kila moja na jina lake. Ya 1961 ni ya ndege, yaani eropleni, kwa sababu chakula kiliangushwa kutoka angani mafuriko yalipofunga barabara. Chakula hicho cha msaada tunakiita mwolyo, na wapo wazee kwetu wanaotaja umri wao kwa mwolyo waliokula wakiwa watoto. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana wakati mahindi ya njano yalipokuja kutoka ng'ambo. Watu waliidharau rangi yake, wakasema ni chakula cha mifugo. Mama mkwe wangu hakusema lolote. Aliyatwanga. Muthokoi wa njano ukapikwa na kunde chache zilizobaki kwenye kibuyu cha mbegu, tukala, na wageni wakala.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, kituo cha utafiti cha Katumani karibu na mji wa Machakos kilikuwa kimetoa mbegu ya mahindi yanayokomaa upesi, kabla mvua haijakimbia. Mahindi ya Katumani yaliokoa mavuno mengi. Pia yalimaliza ubishi: baada yake mawele na mtama vilibaki vya wazee. Siwezi kulilaumu hilo moja kwa moja, lakini matokeo yake ni kwamba familia iliyokuwa na nafaka tatu ghalani ilibaki na moja, na hiyo moja ndiyo yenye kiu kuliko zote.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sayansi kimu iliingia shule za msingi na mimi nikapewa darasa. Nililipenda somo hilo kwa moyo wote. Hata hivyo, mazoezi mengi ya upishi yalidai unga wa ngano, siagi na tanuri, katika shule yenye mafiga matatu na maji ya kuchimbwa kwenye mchanga wa mto. Wasichana walihitimu wakiweza kueleza jinsi keki inavyoumuka, na wakiamini kwamba kinachopikwa kwao nyumbani hakistahili kuandikwa daftarini. Aibu ya muthokoi haikuzaliwa na watani wa Nairobi peke yao.

Kisha ikaja 2004, na hapa siwezi kupita haraka.

Mvua zilinyesha wakati wa kuvuna, mahindi yakaingia nyumbani yakiwa na unyevu. Ghala la zamani lilisimama juu ya vigingi, nje, upepo ukipita chini na pembeni. Kwa sababu ya wizi na uhaba, familia nyingi zilikuwa zimeshahamishia magunia ndani ya nyumba, chini ya paa la bati. Kuanzia Aprili watu wakaanza kuumwa tumbo, macho yakawa manjano, matumbo yakajaa maji. Ilikuwa sumukuvu, ile iitwayo aflatoksini, inayotolewa na kuvu wa kwenye nafaka na kuliharibu ini. Hadi Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, katika Wilaya ya Machakos ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, watu 12 walikuwa wamekufa kwa sumu hiyohiyo.

Wataalamu walipochunguza waliona kwamba waliohifadhi mahindi mabichimabichi ndani ya nyumba ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa. Baadaye, mwaka 2008, wanasayansi wa Kenya walichapisha uchunguzi kuhusu muthokoi wenyewe. Walionyesha kwamba kuyakoboa mahindi hupunguza sumukuvu, wakati mwingine kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa sehemu kubwa yake imekaa kwenye ganda na kiini. Hakuondoi yote, na hakuna anayepaswa kula mahindi yaliyooza akitegemea kinu. Wala wishwa wa mahindi ya namna hiyo haufai kwa kuku. Lakini niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mama mkwe, aliyekuwa akitupa kando kila punje yenye weusi kabla ya kunyunyiza maji, akinikaripia nikiwa na haraka.

Tangu mwaka ule wa 2004 nawafundisha jirani zangu jaribio la chupa. Tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi hayajakauka, yarudi juani. Yanatakiwa yafike unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kufungwa gunia, na chupa ni kipimo cha kukadiria tu kwa asiye na mashine.

Sitaki kuipamba jana. Chakula kilikuwa na hekima, ila mpishi hakuhurumiwa. Mama yangu aliamka kabla ya jogoo kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto Thua, akarudi akatwanga, akapika, akagawa. Wanaume walipewa kwanza, watoto wakafuata, yeye akakwangua ukoko. Alipokuwa mja mzito alikwangua ukoko huohuo. Mikono yake ilikuwa migumu kama mchi aliokuwa akiushika, na ninaamini sababu mojawapo ya binti zake kuukimbia muthokoi ni kwamba tuliona ulivyomla yeye. Mwethya ulisaidia, wanawake wakikutana kutwanga pamoja au kuchimba matuta ya fanya juu kwenye miteremko, lakini jioni kila mmoja alirudi kwenye mafiga yake.

Siku hizi wanawake wa rika langu wanarudi kutoka zahanati wameambiwa wana sukari au presha, na wanaanza kujiadhibu. Mmoja hali usiku. Mwingine anakunywa chai kavu na kujisema vibaya kwa kila kipande cha chapati alichowahi kula. Huwa ninaketi nao na kuwaambia waanze na sahani ya susu: kunde au mbaazi ziwe nyingi kuliko nafaka, majani ya kunde au ya malenge yaliyopikwa kwa mafuta kidogo, uji wa mawele badala ya chai ya sukari, na embe kipande kimoja msimu wake ukifika, kwa sababu hakuna sababu ya kuishi Makueni na kukatazwa embe kabisa. Nawaambia pia wajipakulie kabla chungu hakijaisha, nao wakae chini wale. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwao.

Na kinu? Kwenye soko la mji wa Wote na kwenye masoko madogo kuna mashine za kukoboa. Unapeleka mahindi yako, yanarudi meupe kabla hujamaliza salamu, na wishwa unapewa ukitaka. Kuna wanaosema ladha si ileile, na kweli mashine hukwangua zaidi, chembe nyingi za kiini zinaondoka. Mimi hupeleka bila kusita. Naloweka punje na mbaazi usiku, kila kimoja chombo chake, asubuhi namwaga maji, nawasha jiko la makaa, na mbaazi ndizo zinazotangulia motoni. Kitunguu, nyanya, dania na majani ya kunde vinaingia mwisho. Napika mwingi, kwa sababu muthokoi wa siku ya pili, uliokaangwa na kitunguu kidogo, ni mtamu zaidi. Mkwe wangu wa Nairobi ameniomba kilo nne za mahindi yaliyokobolewa zije na basi la Ijumaa, na mbaazi zake nimeshazichambua.