Jarida la barua pepe: kiu ya msomaji kwanza, programu baadaye

Unataka kuanzisha jarida la barua pepe ukiwa Migori au Homa Bay? Kabla ya kuchagua programu, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1986, Éric Thomas akiwa Paris aliandika LISTSERV, programu iliyowawezesha watu kujiandikisha na kujitoa wenyewe katika orodha ya barua pepe.

Nairobi, mapema miaka ya 1990, barua pepe ilikuwa adimu. Shirika la ELCI lilitumia FidoNet: ujumbe ulikusanywa kwanza, kisha modemu za Nairobi na London zikaunganishwa kwa simu na kubadilishana furushi zima.

Wakati huo Wakenya walioko ng'ambo walikuwa na kiu ya habari za nyumbani. Ayisi Makatiani, Amolo Ng'weno na Karanja Gakio wakaanza kuwapelekea habari hizo kwa mtandao kutoka Boston, Marekani. Mwaka 1994 ikazaliwa Africa Online, iliyokuja kuuza huduma za intaneti katika nchi kadhaa za Afrika. Mwaka 2007 ilinunuliwa na Telkom ya Afrika Kusini.

Unaona? Kiu ndiyo iliyotangulia. Mtu wa Mbita aliye Nairobi anataka kujua bei ya omena. Wa Awendo, habari za miwa. Anza na watu 20 waliokubali kupokea. Tuma siku ileile kila wiki. Kujitoa kuwe rahisi.

Na nakala ya orodha ikae kwako. Kampuni huuzwa, programu hufa. Wasomaji ndio mtaji.