Bodaboda: Somo Ambalo Mwanafunzi wa Mpakani Humfunza Mwalimu

Mwalimu mwenzangu, aghalabu tunapoeleza historia ya msamiati wa Kiswahili huanzia pwani: Lamu, Mombasa, Unguja. Hebu leo tuanzie Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Huko ndiko lilikozaliwa neno bodaboda, na wanaolifahamu vizuri zaidi wameketi mbele yako darasani.

Ikumbukwe kwamba hadi mwaka 1902 eneo hili lilikuwa sehemu ya Uganda. Mpaka ulipohamishwa, Wasamia na Wateso walijikuta pande zote mbili. Katika miaka ya 1960, vijana wenye baiskeli walianza kuwavusha wasafiri na mizigo kati ya kituo cha forodha cha upande huu na cha upande ule, wakiita "boda, boda!", kutokana na neno la Kiingereza la mpaka. Baadaye, hasa baada ya Kenya kuziondolea pikipiki ndogo kodi mwaka 2008, pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli. Jina likabaki.

Tazama basi safari ya maana: kutoka mahali hadi wito, kutoka wito hadi chombo, hatimaye mtu. Ndiyo sababu mwanafunzi huandika "bodaboda imeharibika" na vilevile "bodaboda amefika". Mwalimu mwenye haraka ya kalamu nyekundu huona kosa la ngeli. Anayeuliza, "Kwa nini umesema hivyo?" hupata somo zima kuhusu uhamishaji wa maana, ambao ndio msingi wa tamathali nyingi tunazotahini katika fasihi.

Mwaka 1975, Lawrence Stenhouse wa Uingereza alisisitiza kwamba mwalimu awe mtafiti wa darasa lake mwenyewe. Kazi hiyo haihitaji gharama. Chagua neno moja. Watume wanafunzi wawahoji wazee na waendeshaji. Andika wanayoleta, hata yakipingana. Kisha jiulize: majibu haya yanabadilishaje somo langu la kesho?

Usikawie. Vijana wa baiskeli zile za kwanza sasa ni wazee. Wengine wakitutoka kabla ya wajukuu wao kuwauliza, hakuna kamusi itakayotusimulia walivyoita abiria wao. Na mjukuu hatauliza iwapo shuleni amefunzwa kwamba lugha ya nyumbani kwao ni makosa matupu.