Filamu za Manyara na ruhusa ya kuzionyesha Babati

Mwaka 1966 mwanaanthropolojia James Woodburn na mwenzake Sean Hudson walitoa filamu kuhusu namna Wahadzabe wanavyojitafutia chakula porini. Mwaka 2014 Mmarekani Bill Benenson akatoa nyingine, The Hadza: Last of the First. Yaeda Chini, moyo wa nchi ya Wahadzabe, imo katika Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002 na kuifanya Babati makao yake makuu. Lakini mwalimu wa Babati akitaka kuwakusanya wanafunzi na wazazi ukumbini waone filamu ya namna hiyo, lazima kwanza aulize ruhusa iko kwa nani.

Zamani swali hilo halikumhusu mtazamaji. Mwaka 1935, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, Waingereza Notcutt na Latham walianzisha mradi wa sinema za elimu huko Vugiri, Korogwe. Hadi ulipofungwa mwaka 1937, ulikuwa umetengeneza filamu kuhusu safura, kodi, kilimo na akiba ya posta, zikapelekwa kwa lori hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Baada ya uhuru serikali nayo ilitengeneza zake, na mwaka 1968 ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Sinema hizo za elimu zilikuja zikiwa zimeshalipiwa, na aliyelipa ndiye aliyechagua wananchi waone nini. Ruhusa iliyojulikana zaidi ilikuwa ya dola: Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 ilitaka filamu ikaguliwe na bodi kabla ya kuonyeshwa hadharani.

Ng'ambo, wakati huohuo, ilikuwa ikikua biashara ya kuviuzia au kuvikodishia vyuo nakala za filamu za milimita 16. Mwaka 1968 John Marshall na Timothy Asch walianzisha Marekani shirika la Documentary Educational Resources kwa kazi hiyo. Katika soko hilo nakala ya mtu wa nyumbani ikawa na bei yake, na ya chuo au maktaba bei yake, kubwa zaidi, kwa sababu taasisi inanunua na haki ya kuonyesha mbele ya watu. Naiona haki hiyo kuwa halali kabisa. Mtu aliyekaa porini miezi na kamera anastahili ujira.

Kwetu, Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya mwaka 1999 ilimpa mwenye kazi haki hiyo waziwazi, na COSOTA, chombo cha hakimiliki nchini, ikapewa kuisimamia. Sheria inaacha nafasi kwa mafundisho, lakini kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video, chenye kiingilio hakiwezi kujificha humo. Diski ya dukani ni ya sebuleni.

Tatizo ninaloliona ni la haki kwa waliopigwa picha. Bei ya taasisi ilipangwa kwa mfuko wa chuo cha ng'ambo, na shule ya kata ya wenyeji hao haina mfuko huo. Dawa yake ipo mwanzoni, kabla kamera haijafunguliwa. Vijiji, halmashauri na Bodi ya Filamu, mgeni anapoomba kibali cha kurekodi Manyara, wamtake aandike kwenye mkataba kwamba shule, maktaba na vijiji vya mkoa vitaionyesha filamu hiyo bila malipo, na kwamba nakala yenye maelezo ya Kiswahili itakabidhiwa Babati. Kifungu hicho hakimpunguzii soko lake la nje. Kiandikwe kuanzia kibali kijacho.