Hisia na Ishara katika Michoro ya Kidini ya Mwanzo wa Renesansi: Giotto na Masaccio

Makala hii inachunguza namna hisia za binadamu zilivyopata nafasi mpya katika michoro ya kidini ya Italia mwanzoni mwa karne ya 14 na ya 15. Hoja yake kuu ni kwamba hisia hizo hazikuziondoa ishara za kale za Kikristo, bali zilifanya mwili wa binadamu uzibebe. Kwa hiyo, kuubadili mwili uliochorwa ni kuibadili maana.

Wachoraji wa Italia wa karne ya 13 walifuata sana mtindo wa Bizanti. Huzuni haikukosekana katika kazi zao, lakini ilionyeshwa kwa ishara za mikono na nyuso zilizokwisha kuzoeleka. Giotto aliuvunja mazoea huo mjini Padova, katika kanisa dogo la Scrovegni lililowekwa wakfu mwaka 1305. Katika mchoro wa Maombolezo ya Kristo, Maria amemkumbatia mwanawe na kumtazama usoni kwa karibu, Yohana ametupa mikono nyuma, na malaika wanalia angani. Waombolezaji wawili wameketi wakimpa mtazamaji mgongo. Uchungu wao hukisiwa kutokana na mabega yaliyoinama. Mwamba unateremka kimshazari hadi kwenye nyuso za mama na mwana. Juu yake umesimama mti mkavu, ambao wafasiri wengi huuhusisha na mti wa Edeni na dhambi ya Adamu. Jicho linaloufuata mwamba huo huanzia kwenye dhambi na kuishia kwenye kifo.

Takriban miaka 120 baadaye, Masaccio aliyachora matokeo ya dhambi hiyo katika kanisa la Santa Maria del Carmine mjini Firenze. Katika Kufukuzwa kwa Adamu na Hawa, Hawa analia kinywa wazi huku akijistiri kwa mikono. Adamu amejifunika uso tu, na mwili ameuacha wazi. Kitabu cha Mwanzo kinaeleza kwamba wawili hao walikwisha kuvishwa mavazi ya ngozi kabla ya kufukuzwa. Masaccio aliwaacha uchi. Kwa uamuzi huo, aibu ya Adamu haitokani na mwili wake, bali na nafsi yake.

Karibu na mwaka 1680, majani yalichorwa juu ya viuno vyao. Stara hiyo iliifanya aibu ionekane kuwa ya mwili, na hoja ya mchoraji ikafunikwa kwa karne tatu, hadi ukarabati wa miaka ya 1980 ulipoyaondoa majani hayo.

Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza michoro ya ukutani ya Padova ya karne ya 14 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, kisa cha Firenze kinaonyesha kwamba ukuta unaweza kuhifadhiwa huku maana ikipotea. Sera ya urithi inayolinda rangi na lipu pekee haijakamilika. Inapaswa pia kuwataka wahifadhi wafahamu kila kiungo cha mwili uliochorwa kinasema nini kabla ya kukigusa.